Orodha ya Kibenga

Mtaa mzima wa Kibenga ulijua kwamba kuna orodha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Ilisemwa kwamba nyumba zilizo karibu na ziwa zitabomolewa kwa kuwa maji yamepanda, na kwamba majina ya wenye nyumba yamekwisha kuandikwa katika ofisi moja ya viwanja, mjini. Watu walinong'onezana habari hiyo dukani, kisha wakarudi nyumbani kupaka kuta zao rangi mpya kana kwamba hawakusikia kitu.

Candide hakuweza kufanya hivyo. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na nyumba ile ya vyumba vitatu ndiyo kitu pekee alichokivuna humo. Alitaka kujua jambo moja tu: yumo au hayumo. Kama yumo, atahamia kwa dada yake, mtaa wa Mutakura, kabla hajatolewa kwa nguvu. Kama hayumo, apate usingizi.

Hugues, jirani yake wa ukuta mmoja, alimkataza. "Madamu, acha tu. Awakujui bado. Juu ya nini unaenda kujionesha?"

"Kuuliza ni haki yangu. Iko ku mulango yao, imeandikwa."

Na kweli iliandikwa. Tangazo kwenye mlango wa ofisi lilisema kila raia anayeomba habari atajibiwa katika siku kumi na tano. Candide aliamini matangazo. Ndio ugonjwa wa walimu. Basi akaandika barua ya kuomba kuiona orodha, kama tunavyoziandika sote tukiandikia ofisi, yaani kwa kueleza zaidi ya tulichoulizwa: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kiwanja, nakala ya hati, simu, na juu ya hayo kroki, ramani ndogo ya kalamu inayoonyesha njia mpaka getini kwake. Alikataa kuondoka mpaka Fortunat, karani wa mapokezi, alipogonga kashe, yaani muhuri, kwenye nakala zote mbili za barua. Alitoka pale amefurahi. Nasema kwa uchungu: alifurahi.

Siku ya kumi na sita alirudi.

"Iko kwa shefu, Madamu. Itatoka," Fortunat alimwambia kwa heshima zote.

Siku ya ishirini na mbili shefu alikuwa safarini. Siku ya thelathini Fortunat alifungua daftari, akapitisha kidole, kidole kikasimama. "Imeshuka ku tekniki."

"Tekniki inapima viwanja. Mi niliomba kuona liste, orodha ya majina."

"Barua ikiingia hapa inapata numero, Madamu. Ikipata numero inakuwa dosie, faili yake. Na dosie aiwezi kukaa bure, lazima iende mahali."

Akamwonyesha barua yenyewe. Katika ofisi ile hakuna mkubwa anayerudisha karatasi bila kuandika kitu pembeni. Ukiiacha safi utaonekana hukufanya kazi. Wa kwanza aliandika kwamba ameiona. Wa pili aliandika *pour suite voulue*, yaani lifanyike linalotakiwa. Wa tatu, wa kitengo cha upimaji, hakusoma swali. Aliona kiwanja, akaona ziwa, akaona amri ya kufanya kitu. Akaandika neno moja: kupima.

Candide alinyoosha mkono. Akaomba arudishiwe barua yake.

Fortunat alimshangaa. "Iko na kashe, Madamu. Aiwezi kurudi."

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, wanaume wawili walisimama getini kwake na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Hawakuwa wameuliza njia kwa mtu; mkononi walikuwa na kroki yake. Walimsalimu vizuri, wakamjulia hali, wakapima kutoka ukutani mpaka majini, kisha wakachora msalaba mwekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, kando ya mlango. Mmoja aliomba maji, akanywa, akashukuru. Hugues aliyaona yote kutoka dirishani. Tangu siku ile akawa anamsalimu Candide kwa mbali, kwa kuinua mkono tu. Simlaumu, ila sitamsifu pia.

Siku ya arobaini na moja simu ililia: jibu limetoka.

Candide alikwenda amevaa nguo za kanisani. Lilikuwa ukurasa mmoja, umetiwa sahihi na kugongwa kashe. "Kufuatana na barua yako, tunakukabidhi orodha uliyoiomba." Chini yake jedwali la mistari kumi. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake na nambari ya kiwanja chake. Mistari tisa ilikuwa mitupu.

"Wengine wako wapi?"

Fortunat alishusha sauti. "Awako. Liste ilikuwa aiko, Madamu. Aijawai kuwa. Ni watu tu walikuwa wanasema mu mutaa. Lakini shefu angeandika nini? Kwamba aiko? We uliomba liste, na siku zilikuwa zimepita."

"Mungeniambia aiko." Candide aliirudisha karatasi mezani. "Ningelala."

Fortunat alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilimtisha kuliko vitisho. Kisha akaigeuza karatasi imwelekee, akaweka kalamu juu yake.

"Shefu anasema liste ya mutu mumoja aionekani muzuri. Wale wenye unaishi nao pale kando ya maji, ukuta kwa ukuta, wanaitwa nani?"

Candide alitazama mistari mitupu. Aliwajua wote, kuanzia Hugues mpaka nyumba ya mwisho. Nusu ya watoto wao yeye ndiye aliyewafundisha kusoma.

"Anataka jibu leo," Fortunat alisema. "Mbele ya saa sita."

Candide hakuigusa kalamu. Fortunat akatazama saa yake, akamvutia kiti, kisha akaenda kufunga mlango.