Rakaa Mbili Mchangani

Jumatano baada ya sala ya alasiri, Abdulghafur fundi milango aliitoa injini ya gari kwa sababu ilikuwa nzito. Aliing'oa kwa nyundo na patasi, akaiviringisha mpaka ukutani, akaifunika gunia, kisha akaenda kunawa mikono. Aliporudi, gari lilikuwa limesogea hatua tatu kuelekea kisimani.

"Hadia!" aliita. "Hebu njoo utizame."

Dada yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akazunguka nyuma ya gari. Kwenye bati palikuwa na alama nyingi za viganja, za vumbi jekundu ambalo kijijini kwao Shela halipo. Katikati yake kiganja kimoja kilikuwa cheupe kwa chokaa, na kidole gumba chake kilipinda nje.

"Ni Barka," alisema Hadia.

"Ndiye. Basi mwambie asisukume kwanza, gurudumu la kushoto halijakazwa."

Hadia alimwambia. Gari likatulia, naye akarudi kwenye wali wake.

Barka wa Feruzi alikuwa mumewe, mchoma chokaa na fundi wa kuipaka kutani. Mwaka wa 1917 alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kwenda kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Vita vilikwisha. Wako waliorudi, wako walioandikwa katika orodha ya waliokufa, na Barka hakuwa katika hawa wala wale. Kadhi alimweleza Hadia kwa upole kwamba hawezi kumkalisha eda mwanamke ambaye kifo cha mumewe hakikuthibiti, alete karatasi. Kwa hiyo tangu hapo Hadia hakuwa mke wala mjane. Wanawake wenzake hawakujua wampe pole au wamwombee mume arudi salama, basi wakija kumtembelea walizungumza habari za kuku.

Gari nalo lilitoka hukohuko vitani. Lilikuwa la afisa mmoja, na katika matope ya kusini lilisukumwa zaidi kuliko lilivyoendeshwa. Liliponadiwa Amu hakuna aliyelitaka, maana njia za mji ule hazipitishi punda wawili sambamba. Abdulghafur alilipata kwa bei isiyofika ya punda mmoja. Alitaka mbao za viti.

Kisha likaja tangazo. Wazungu wa mashamba ya mpira kule bara, ambao mpira ulikuwa umewatia hasara, waliandaa mashindano ya magari kwenye ufuo wa Shela siku ya bamvua, maji yakipwa na mchanga ukikaza. Kwa kuwa hawakuwa na kitu, sharti la kwanza lilikuwa kwamba gari lisizidi bei ya punda wawili. La pili, liwe na magurudumu manne na mtu wa kuliongoza. Kikombe hawakuweza kukinunua, hivyo zawadi ilikuwa haja moja ya mshindi, itakayoandikwa na kutiwa muhuri na mzungu wa orodha, ambaye alikuwa Amu siku zile na daftari lake la wapagazi.

"Nitashinda," Hadia alisema.

"Utaketi mbele ya Amu nzima na Shela nzima?"

"Nitaketi ndani ya shiraa. Nani ataniona?"

Abdulghafur alifikiri, akaona hapana kasoro. Shiraa ni lile pazia kubwa lililoinuliwa kwa miti, ambalo mabibi wa Amu walitembea ndani yake macho ya watu yasiwafikie, huku watumwa wakishika miti. Aliye ndani ya shiraa yumo nyumbani kwake. Mamake Barka aliishika miti ya shiraa moja miaka ishirini, mpaka serikali iliposema utumwa umekwisha. Siku ile bibi yake alimpa shiraa yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika. Abdulghafur aliipigilia juu ya gari, mahali pa paa lililooza.

Magurudumu mawili hayakuwa na mipira. Aliyazungushia kamba ya makumbi na kuipaka mafuta ya papa, kama mtu anayeandaa chombo. Usukani ulikuwa umevunjika. Alichonga mwingine kwa mti wa mbambakofi, na kwa mazoea akautia maua pembeni. Asubuhi walilipeleka gari ufuoni, wakalijaribu mpaka jioni. Lilikwenda vizuri. Jambo moja tu lilijitokeza: adhana ikilia, gari husimama, na nyayo za watu huelekea majini kutia udhu. Wengine, ambao walitoka bara na dini zao, hukaa kivulini mwa gari kungoja. Makalio yao yaliacha vishimo mchangani.

"Mashindano yasifike adhuhuri," Abdulghafur alisema.

"Yakifika, yamefika," Hadia alisema.

Yalifika. Wazungu walichelewa kuvuka, na magari manne yakapangwa saa tano u nusu, maji yakiwa yameshaanza kurudi. Mawili yalikuwa ya wazungu. La tatu lilikuwa la Bwana Muhdhar, mfanyabiashara wa Amu, ambaye alikuwa amevaa miwani ya vumbi juu ya kofia yake iliyotariziwa.

"Bi Hadia," alisema, "hema hilo lenda harusini?"

"Lenda mbele yako, Bwana Muhdhar," sauti ilijibu kutoka ndani ya shiraa. "Nipishe ndia tu. Na ukiuona mgongo wake, salimia, una watu."

Watu walicheka. Muhdhar naye alicheka.

Walitakiwa kwenda mpaka bendera, mwendo wa saa moja kwa miguu, na kurudi. Bunduki ilipolia, magari matatu yalinguruma na moja likaondoka kimya. Nyuma yake mchanga ulijaa nyayo za watu wasiovaa viatu. Hawakuhema. Hadia alilipita gari la mzungu wa kwanza kabla ya vilima vya mchanga, akampita wa pili alipokuwa ameshuka kupiga kitu kwa spana, akaizunguka bendera bega kwa bega na Muhdhar.

Upepo wa kaskazi ulileta adhana ya Shela. Gari likasimama.

Muhdhar alipunga mkono, akaenda zake. Mzungu wa pili akapita, na wa kwanza pia. Hadia alishika usukani wake wenye maua, akangoja bila kuita mtu. Alitazama mchanga ulio mbele ya safu ya nyayo. Ulibonyea kwa vipaji vya nyuso mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Kisha nyayo zikarudi kwenye gari.

Kila rakaa ina sijida mbili, basi zilikuwa rakaa mbili, si nne za aliye kwao. Barka aliweza kuuona mnara wa Shela kutoka pale aliposimama, na kuta alizozipaka mwenyewe, naye alisali sala ya msafiri, kwa maana hajafika kwao.

"Haya," Hadia alisema. "Twende."

Maji yalikuwa yamepanda. Mchanga mkavu ulikuwa laini kule juu, na mgumu ulikuwa umefunikwa. Wazungu walikuwa wamezama mpaka kwenye ekseli. Gari la Muhdhar lilikohoa maji ya chumvi likazimika, na mwenyewe akaketi juu ya boneti, miguu kaikunja. Gari la Hadia lilipita majini na povu likitoka nyuma kama mahali wanapokimbia watu wengi.

"Nawasalimu!" Muhdhar alipiga kelele.

Hadia alifika wa kwanza. Mzungu wa orodha alifungua boneti la gari lake, akakuta kikapu cha tende na mtungi wa maji. Alisoma masharti mara mbili. Injini haikutajwa. Akazitazama nyayo, akazihesabu, akaandika watu arobaini na mmoja.

"Haja yako?" aliuliza. Kiswahili alikijua vizuri.

"Barka wa Feruzi aandikwe katika orodha ya waliokufa, nipate kumkalia eda."

"Yupo wapi?"

"Huyo wa katikati. Mwenye chokaa."

Mzungu alikitazama kiganja cheupe kwa muda, bila haraka. Alikuwa mtu mwangalifu. "Huyu yuko kazini," alisema. "Mpagazi aliye kazini siwezi kumwandika amekufa."

"Basi mwandike yu hai, arudi nyumbani."

"Waliorudi huja wenyewe, wakaweka dole gumba."

Alifungua ukurasa wa tatu wa daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri, akampa Hadia karatasi. Ilisema: Barka wa Feruzi, hajulikani aliko. Aliiandikia juu ya bati la nyuma, kwa kuwa hapakuwa na meza, na chokaa ilimchafua mkono wa shati.

Kadhi aliisoma karatasi ile, akamrudishia kwa mikono miwili.

Sasa gari linakaa uani. Kila mwezi, siku ya bamvua, Hadia huingia ndani ya shiraa na kwenda Amu kwa njia ya pwani mpaka mlangoni pa ofisi, akaomba tena. Karani humwekea nafasi ya kuegesha. Hurudi kabla ya adhuhuri, akafagia mchanga wa uani ukawa sawa, akaketi kizingitini.

Adhana hulia. Mchanga hubonyea mara nne.