Simu Iliyolia Kifuani mwa Karugendo

Haya nitakayoeleza ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Atakayenikamata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, jogoo wangu mwekundu ni wake. Naitwa Saburi, ingawa subira sina. Nimestaafu kazi ya simu Bukoba mjini, na jogoo huyo mnamfahamu, maana huwika Kashai akawaamsha watu wa Rubafu, kule mbali.

Rafiki yangu Karugendo alirudi kutoka vitani mwaka sabini na tisa akiwa na viungo vyake vyote. Tukashukuru Mungu. Wiki ileile tukaenda harusini Ijumbi. Ngoma ya kwanza kupigwa tu, du! Karugendo hayupo. Tulimkuta kibanjani, kalala kifudifudi kati ya migomba, jasho linamtiririka, na moyo wake unadunda kwa nguvu mpaka mgomba wa jirani ukaangusha mkungu. Ndizi zenyewe nilizila.

Sasa, Karugendo alikuwa anamtaka Bernadina, binti wa mzee Ta Josia wa Buganguzi, na Bernadina alikuwa anamtaka yeye. Habari za kibanjani zikamfikia mzee.

"Sitaki ng'ombe wala pombe ya lubisi kwanza," akasema Ta Josia. "Mkwe wangu atasimama mbele ya ngoma, ashike mkuki, ajitape kama baba zake walivyojitapa. Mwanamume anayejificha ngoma ikimwita, binti yangu atakuwa anamtafuta chini ya migomba mpaka lini?"

Kujitapa huko kwetu ni kwebuga: unasimama peke yako mbele ya watu, ngoma zinalia, nawe unatamka wewe ni nani. Ukishindwa, ni kama huna jina.

"Saburi, nimekwisha," Karugendo akaniambia. "Akili inajua ni harusi. Mwili hausikii."

"Mwili unasema vizuri tu. Kichwa ndicho kinachosikia vibaya."

"Usinichezee, bwana."

"Nimesoma!"

Na nilikuwa nimesoma kweli: ukurasa mmoja wa kitabu cha baiolojia uliofungiwa karanga. Mwisho wake ulikuwa umechanika, kwa hiyo nikaumalizia mwenyewe. Nikamweleza kwamba ubongo umekaa gizani ndani ya fuvu, kama mimi katika chumba changu cha simu. Haujawahi kuona ngoma wala Bernadina. Kazi yake kupokea simu: moyo unapiga, tumbo linapiga, viganja vyenye jasho vinapiga. Na kengele ni moja! Simu ya msiba na simu ya harusi hulia mlio uleule. Opereta ndiye anayeamua ni ipi.

"Wewe kule mstari wa mbele kila simu ilikuwa ya vita. Opereta wako kachoka, haulizi tena. Kengele ikilia tu, anapiga kelele: laleni chini!"

"Kwa hiyo nikate waya?"

"Ukate waya ufe? Uliza, mjinga wewe, kama tunavyouliza kwenye simu: nani mwenzangu?"

Tukaanza mazoezi. Nilimkimbiza kwenye mlima wa Buganguzi mpaka moyo ukataka kumtoka mdomoni.

"Nani mwenzangu?"

"Mlima!"

Nikamlisha pilipili.

"Nani mwenzangu?"

"Pilipili, shetani wewe!"

Senene wakashuka kama mvua ya kijani, akawakimbilia pamoja na watoto, anahema, anacheka. "Senene!" akajibu kabla sijauliza. Kisha siku moja Bernadina akapita na ndoo ya maji kichwani. Karugendo akashika kifua. Midomo ikamkauka, jasho likamtoka: dalili zilezile za kibanjani, haikukosekana hata moja.

"Nani mwenzangu?" nikanong'ona.

Akatabasamu.

"Huyo namjua," akasema.

Siku ikafika. Watu walijaa uani kwa Ta Josia, na mzee mwenyewe kakaa kwenye kigoda, uso kama jiwe. Karugendo kashika mkuki. Mimi nimesimama naye bega kwa bega, kama simba. Ngoma ikalia. Du! Mkuki ukatetemeka mpaka ncha yake ikawa haionekani. Watu wakatazama migomba, wakamtazama yeye, wakatazama migomba tena. Bernadina kaziba mdomo kwa kanga. Nikamnong'oneza Karugendo: "Nani mwenzangu?"

Akavuta pumzi.

"Ni mimi!" Kisha akaunyanyua mkuki. "Ni mimi, Mtetemekaji-Asiyekimbia! Kagera niliivuka nikitetemeka, nikarudi nikitetemeka, na leo natetemeka mbele yenu nyote! Kifuani nina ngoma, Ta Josia, na mpigaji wake nimemjua. Ni mimi!"

Vigelegele! Wapiga ngoma wakaacha mdundo wao wakafuata wa kifua chake. Ziwani samaki waliruka, wavuvi wa visiwa vya Muleba wakawaokota bila nyavu. Ta Josia akainuka bila fimbo.

"Huyu ana jina," akasema. "Mpeni mke."

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Kosa langu nimeisoma hadithi hii kwa sauti barazani kwa Bernadina, wajukuu wake wamejaa mkekani, Karugendo kasinzia kwenye kiti chake.

"Ta Saburi," Bernadina akaniuliza, "siku ile ulisimama wapi?"

"Bega kwa bega na mumeo."

"Kama simba?"

"Simba hasa."

"Mawe! Ngoma ilipolia, simba alikuwa wa kwanza kuruka uzio, akaingia kwenye kibanja cha baba! Huyu mume wangu, alipokwisha kujitapa peke yake, ndiye aliyekufuata, mkuki mkononi, moyo unamdunda, akafunua majani ya mgomba akakuuliza..."

"Nani mwenzangu?" akasema Karugendo, macho bado kayafumba.

"Nawe ukajibuje, shemeji?" akauliza Bernadina.

Wajukuu wote wakanigeukia. Ubongo wangu gizani ukapokea simu ya masikio yanayowaka moto, na safari hii haukuhitaji kuuliza.

"Nilijibu, 'Hakuna mtu huku.'"

Jogoo sasa kafungwa miguu, yuko chini ya kiti cha Bernadina. Watu wa Rubafu, kesho tafuteni saa.