Damu ya Mkwe

Sampuli ishirini na tatu za damu ya wachangiaji Adrienne alikuwa amezipima katika maabara ya hospitali, na zote damu ya Mama Mado ilizikataa. Mama huyo aliongezewa damu mara nyingi miaka ya nyuma, na sasa mwili wake ulichagua kama mwanamke anayenunua kitenge. Utafiti wa Adrienne ulihusu wagonjwa wa namna hiyo hasa, kwa hiyo alikataa katakata kushindwa. Akaita jamaa wote watoe sampuli.

Ya ishirini na nne ilitulia kwenye kioo, chembe hazikushikana: hatimaye damu iliyokubaliwa. Adrienne alipiga kigelegele maabara nzima ikageuka. Kisha akasoma jina: Ruffin, mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, mume wa Jessica binti Mado.

Furaha ikamwishia. Katika familia ile ya Kasai, mkwe haingii chumba alimo mama mkwe wake wala hamsemeshi. Miaka sita walizungumza kupitia Jessica tu. Adrienne akaenda wodini amejiandaa kwa ugomvi.

Mama Mado alimsikiliza, kisha akauliza habari za mkwe wake.

"Anakulaka muzuri?"

"Sana, mama."

"Basi, tia."

Kesho yake asubuhi, damu ikiwa imekwisha kutiwa, Mama Mado alikuwa ameketi kitandani, akimdai Jessica bukari, ugali wa nyumbani. Nje, Ruffin alisimama ameligeuzia dirisha mgongo kwa heshima.

"Jessica, ambia bwana yako..." Mama Mado akakatiza, akapaza sauti mwenyewe. "Ruffin! Damu yako ilisha kuingia. Weye unabakia inje ju ya nini?"