Benchi la Nje ya Ukumbi

Siku ya kura ya shule, diwani Idwal Watkin alivaa suti yake ya kanisani, akateremka mjini kwa lori lake la kondoo, akapanda ngazi za ukumbi wa kaunti kama alivyozipanda miaka nenda miaka rudi. Alipofika juu hakuingia. Aliketi kwenye benchi la nje, chini ya vigingi vya makoti, akaweka kofia yake magotini.

"Heri angebaki nyumbani," alinong'ona Morfydd Probert, moyo ukimwuma. "Anatukalia hapo kama maiti mlangoni."

Morfydd ndiye aliyekuwa mpya kuliko madiwani wote wa Maesgarn, kaunti ndogo ya milima ya Welisi, kongwe kuliko kanisa lake kuu. Aliuza stempu katika posta ya bonde la Cwm Arwen, na mwaka uliopita watu wa bonde walimchagua kwa sababu moja tu. Shule yao ya vyumba viwili ilikuwa hatarini kufungwa, watoto wapelekwe kwa basi ng'ambo ya mlima. Nyumba kwa nyumba, mbwa wakimbwekea, Morfydd aliwaahidi wazazi kwamba haitafungwa. Alijua kuwa shule ikienda, vijana wenye watoto wataifuata, na bonde litabaki na kondoo na makaburi.

Sasa siku ilikuwa imefika, na hesabu ya kura kila mtu aliijua. Wahafidhina walitaka shule ifungwe, Waliberali ibaki, na pande hizo mbili zilikuwa sawasawa. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye hukata shauri, na mwenyekiti, Bibi Olwen Beddoes, alikuwa Mhafidhina tangu utotoni. Bahati moja tu ndiyo iliyowaangukia Waliberali: Mhafidhina mmoja, Haydn Lello, alikuwa hospitalini tangu theluji ya mwisho. Kiti chake kikiwa kitupu, Waliberali wangeshinda kwa kura moja.

Ila Idwal Watkin, Mliberali, alikuwa pea wa Haydn Lello.

Desturi hiyo haikuandikwa popote. Diwani wa chama hiki huwa na pea wake wa chama kile, na mmoja akizuiliwa na jambo zito, mwenzake naye hukaa nje, ili ugonjwa au msiba usiwe kura. Wawili hawa walikuwa wafugaji, mashamba yao yakigawanywa na ukuta mmoja wa mawe, na kila majira kondoo wanapozaa walikuwa wakibadilishana zamu. Haydn alipolazwa, Idwal alikwenda kumwona, akampa mkono wa ahadi kwamba naye atakaa nje. Hoja ya kuifunga shule ya Cwm Arwen ililetwa barazani baadaye kabisa, na hapo mkono ulikuwa umeshatolewa.

Emrys Tudor, kiongozi wa Waliberali, mtu mnene mwenye ulimi wa haraka, alikuwa amembembeleza Idwal wiki nzima, akamwita ndugu, kisha mkaidi, kisha nyumbu wa Hafod, maana Hafod ndilo jina la shamba lake. Idwal alimjibu tu, "Nimeshampa mkono, Emrys."

Basi mjadala ulianza benchi likiwa na mtu na viti viwili vikiwa vitupu. Morfydd alisema yake yote juu ya watoto wa miaka mitano kupita mlimani wakati wa barafu. Wahafidhina walijibu kwa adabu kwamba shule kubwa ina walimu wengi na maabara. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Ilipofika saa ya chai, watu walihamia chumba cha pili kwenye vikombe na mkate mtamu wa zabibu.

Simu ililia huko ofisini kwa karani. Karani alirudi uso umembadilika, akamwinamia mwenyekiti. Bibi Beddoes alikiweka kikombe chake mezani polepole.

"Mabibi na mabwana," alisema, "Haydn Lello amefariki asubuhi hii. Bintiye alikuwa naye."

Bwana Garbett, Mhafidhina mwenye mashavu mekundu ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, aligeukia dirisha akapenga kamasi. Bibi Beddoes akasema watasimama kidogo kumkumbuka, kisha watamaliza kazi iliyo mezani, kwa kuwa Haydn mwenyewe hakupenda kazi ilale.

Emrys Tudor alimshika Morfydd kiwiko, akamvuta pembeni.

"Nenda kwa Idwal. Mwambie yuko huru."

"Bwana Tudor, mtu hata hajapoa!"

"Najua, binti, na Mungu anisamehe. Lakini mauti huvunja hata ndoa iliyofungwa kanisani, itashindwaje kuvunja mkono uliopeanwa hospitalini? Pea wake hayupo tena. Mimi hatanisikia, ila wewe anakupenda. Nenda, kabla kengele haijalia!"

Morfydd akatoka. Haya ilimvaa, lakini chini ya haya kulikuwa na furaha inayoruka ruka kama mwanakondoo, naye alishindwa kuinyamazisha. Kura moja! Shule ilikuwa imeokoka. Kilichobaki ni mzee huyu kuinuka na kuvuka mlango.

Alimkuta vilevile, kofia magotini. Akaketi kando yake, akampa habari bila kuzunguka.

Idwal alifumba macho. Vidole vyake vinene, vyenye makovu ya waya, vilizungusha ukingo wa kofia mara moja, vikatulia.

"Aliumia?"

"Hawakusema. Bintiye alikuwa kando yake."

"Afadhali. Kondoo wake hawajamaliza kuzaa."

Morfydd alingoja kadiri alivyoweza. "Bwana Watkin, wanasema sasa uko huru. Wanasema pea ikivunjwa na mauti, hakuna wa kukulaumu. Hata wao Wahafidhina hawatasema neno."

"Hawatasema, kweli."

"Basi njoo." Machozi yalimjaa. "Tafadhali. Mjukuu wako mwenyewe yuko darasa la chini pale. Ni hatua chache tu!"

Mzee alimtazama, na macho yake hayakuwa na ukali hata chembe.

"Mimi nilisoma pale, binti. Mke wangu Mair alifundisha pale. Unadhani nimekaa hapa kwa kuwa sijali? Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia watu wangu kwamba sitapiga kura, na kwa nini. Wengine hawajanipa mkono tangu siku hiyo. Mwanangu mwenyewe ananipita uani kama mti."

"Kwa nini basi? Haydn hayupo!"

"Nisikilize. Siku ninamwoa Mair niliapa mpaka kifo, na kifo kilipokuja kikanifungua. Haydn sikumwambia mpaka kifo. Alinishika mkono pale kitandani akasema, 'Idwal, usinishinde nikiwa nimelala.' Nikamwambia, 'Sitapiga kura mpaka urudi kwenye kiti chako.' Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo." Akaelekeza kofia mlangoni. "Amerudi?"

Morfydd aliutazama mlango.

"Angekuwa hai angeweza kunirudishia neno langu. Haydn alikuwa na moyo, pengine angenirudishia. Sasa nitamwomba nani? Siwezi kumpora mtu kwa sababu mikono yake haiwezi tena kushika." Akaupapasa ubao wa benchi. "Mwaka Mair anakufa, yeye alikaa kwenye benchi hili hili na chama chake kikashindwa kura ya barabara. Walimwita msaliti. Hakunitajia hata siku moja. Niliyasikia kwa watu, miaka imeshapita."

Kengele ikalia. Morfydd aliinuka. Alikuja kumchukua mzee, na sasa alisimama mbele yake kama mtu aliyeingia shamba la jirani gizani akajikuta ukingoni mwa bahari. Ndani yake kitu kilikuwa kinalia kwa ajili ya shule, na kingine kilikuwa kimenyamaza kabisa, kinatazama. Alirudi ukumbini, akamtikisia Emrys kichwa. Emrys alijiangusha kitini, akafunika uso kwa mikono.

Mikono ikanyoshwa, karani akahesabu. Kura zililingana.

Wahafidhina walianza kufunga mikoba, maana iliyobaki ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini Bibi Beddoes alikuwa anaitazama milango.

"Diwani Probert," alisema, "Bwana Watkin anajua kwamba Haydn amefariki?"

"Anajua, Mwenyekiti. Nimemwambia mimi."

"Na bado amekaa nje?"

"Amekaa nje. Anasema alimwahidi mpaka arudi kwenye kiti chake."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama kile kiti kitupu, mto wake wa sufi bado una bonde la mkao wa mwenyewe. Bibi Beddoes alivua miwani yake.

"Mimi naamini shule ile ifungwe," alisema. "Niliamini hivyo jana, na kesho nitaamini hivyo. Lakini mtu yuko pale nje na ushindi wake mkononi, na amekataa kuutwaa kutoka kwa marehemu. Nami je, niutwae kutoka kwake?" Akavuta pumzi. "Kura yangu ni kuacha mambo yalivyo, mpaka watu wa kata ya Haydn wamchague wa kukaa pale. Wao ndio watakaosema."

"Olwen!" Bwana Garbett aliruka. "Chai imekulewesha?"

"Keti, Bwana Garbett. Ama simama, uende ukamwambie Watkin kwamba amefanya upuuzi."

Bwana Garbett hakwenda.

Watu walipotoka kuchukua makoti yao, hawakusukumana wala kupiga soga. Walipita mbele ya benchi mmoja mmoja, Wahafidhina kwa Waliberali, na kila mwanamume aliyekuwa ameshavaa kofia aliivua. Bwana Garbett alisimama mbele ya mzee, mdomo wazi, akatafuta neno. Mwishowe akafunga vifungo vyote vya koti lake, hata kile cha shingoni, akashuka ngazi.

Morfydd alibaki wa mwisho.

"Wameifunga?" Idwal aliuliza.

"Bado. Inangoja kata ya Haydn ichague."

Mzee alilitafakari hilo. Halikumchangamsha, wala halikumshangaza.

"Ni kata ya Wahafidhina ile, tangu enzi za babu yangu."

"Nitakwenda mlango kwa mlango," alisema Morfydd. "Nikifukuzwa nitarudi tena."

"Utakwenda. Ila si kabla hatujamzika."

"Si kabla hatujamzika," alikubali.

Idwal akavaa kofia, akamnyoshea mkono. "Nisaidie niinuke, binti. Benchi hili limeniua mguu, na kuna kondoo wa watu wawili wananingoja."