Paa Upande wa Abiria

Hortensia alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ule wake ulikuwa umehamia mwilini na mizigo yake yote. Siku za mumewe kusafishwa damu walitoka nyumbani kwao mjini Pico Rivera mapema, akamwongoza kwa kiwiko hadi kwenye mashine, akamsubiri, akamrudisha, akamlisha mchuzi usio na chumvi ambao mzee aliusengenya kila kijiko. Hayo yakiisha, badala ya kujilaza kama mtu mwenye akili, aliketi mezani jikoni, akavaa miwani juu ya miwani, akashika kijigari cha plastiki kisichozidi urefu wa kiatu.

Kijigari kilikuwa mfano wa Merkuri, gari la Kimarekani la mwaka 1950. Tello, mumewe, aliwahi kuwa na Merkuri ya kweli, enzi zile vijana wa mitaa yao walipokuwa wakinunua gari kuukuu na kulikata paa ili lishuke, kulinyofoa vitasa vya milango, na kuziba kila mshono kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka bodi ikaonekana imezaliwa kipande kimoja. La Tello lilikuwa jekundu la divai. Liliibwa nje ya kanisa wakati wao wako ndani kwenye ubatizo, na halikuonekana tena. Miaka ikapita, kisukari kikamchukua macho, na hilo nalo akalipokea kwa mizaha yake. Lakini mwaka huu, kabla ya Kwaresima, alimwambia mkewe jambo kwa sauti ya mtu anayeona haya.

"Gari linanitoroka, mama. Rangi naikumbuka. Umbo ndilo linaniponyoka. Nikilifikiria, naona magari ya watu wengine."

"Umri huo, Tello. Mimi pia nasahau."

"Wewe unasahau ulipoweka funguo. Mimi nikilipoteza na humu kichwani, basi limeibwa mara ya pili."

 Jumapili iliyofuata Hortensia alimtuma Nacho Villalpando, rafiki pekee wa chama chao cha magari aliyekuwa bado hai, amtafutie mnadani kijigari cha kuunganisha vipande. Nacho akasema kazi ile inataka macho na vidole vya vijana. Hortensia akamkumbusha kwamba viti vya magari yote aliyowahi kujigamba nayo alivishona yeye, na Nacho akaona heri aufyate.

Kazi ikamla. Alizikata nguzo za paa kwa kisu chake cha kukatia vitambaa vya viti, akalishusha paa, akalaza kioo cha nyuma. Alinyofoa vitasa, akaziba mishono kwa lipu ya plastiki ambayo harufu yake ilimgonga kichwa, akasugua kwa tupa ya kucha. Rangi aliipaka ya kucha vilevile, tabaka juu ya tabaka. Vidole vilikufa ganzi. Paa lilimvunjikia, akaligundisha upya na kujikaza kisabuni, maana siku hizi Tello alikuwa anakaa kibarazani bila hata redio, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hatarudi. Kama kijigari kingechelewa, Tello hangebaki na kumbukumbu ya kukilinganisha nayo.

Na alilinyoosha paa. Lo, alilinyoosha! Katika chama chao mtu aliweza kuwa mlevi akasamehewa, lakini si kuwa na paa lililopinda. Tello mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu wao. Fundi akimaliza paa alimwita, naye alikunja kitambaa kiganjani, akafumba macho, akalipapasa chuma taratibu huku mwenye gari akitokwa jasho. Akisema limenyooka, limenyooka. Kwa hiyo Hortensia alipima, akasugua, akapima tena, mpaka pande mbili zikawa pacha.

Alasiri moja, baada ya hospitali, akamwekea mikononi. Yeye mwenyewe alikuwa hoi bin taabani, lakini alisimama kumtazama. Tello alianza kwenye boneti, akapanda kioo cha mbele, kisha akalishika paa kwa viganja viwili, kila kimoja upande wake. Akalipapasa mbele na nyuma.

"Gari zuri," akasema. "Mkono wako haujambo, mama." Akaliweka mezani, akavuta mikono yake.

Hortensia aliijua ile "zuri." Ndiyo aliyowapa majirani walioleta tamale, vile vimkate vya unga wa mahindi, zikiwa kavu. Akamuuliza wapi amekosea.

"Hujakosea. Limenyooka."

"Sasa?"

"Langu halikunyooka."

Ikabidi aseme, na alisema huku uso ameuelekeza ukutani. Siku ya kulikata, yeye na binamu yake walikuwa na haraka ya kuwahi dansi. Kila mmoja alianza upande wake, kwa alama yake, na paa lilipokaa, upande mmoja ulikuwa chini kuliko mwingine. Alizidanganya nguzo kwa risasi, akazilaza kidogo, macho yakadanganyika. Hakuna mtu anayeweza kuona pande zote mbili za gari kwa wakati mmoja, akasema. Na hakuna aliyethubutu kulipapasa gari la hakimu.

"Upande upi?" akauliza Hortensia.

Tello akakohoa. "Wa abiria."

Mkono wa Hortensia ukapanda kichwani. Siku zile Hortensia alipandisha nywele juu, zikakazwa kwa dawa kama mzinga, mpaka nyuki wangeweza kuhamia, na kila Jumamosi paa lile lilizikandamiza. Alishuka garini nywele zimebonyea upande, mashemeji wakacheka. Mwishowe akaziacha nywele zake, akazilaza na kuzibana, na hakuzipandisha tena.

"Uliniambia mimi mrefu," akasema.

"Nilisema."

"Mama yako naye akasema. Nikatembea nimepinda mgongo, Tello. Nikavaa viatu vya bapa kwenye harusi ya dada yangu."

"Najua."

Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, na akaona raha kidogo kwamba bado ana nguvu ya kuibeba. Alitaka kukitupa kijigari kwenye pipa, akalale, mzee ajilishe mwenyewe. Tello hakujitetea. Alisema tu kwamba sasa hata yeye hakumbuki paa lilishuka kiasi gani.

"Nimekificha mpaka mwenyewe nimekipoteza. Ndicho hicho kinachonitoroka, mama. Kile kiasi."

Hortensia akaketi. Tello alikuwa hakijui kile kiasi, na binamu alikwishazikwa. Lakini shingo yake yeye ilikijua. Aliiacha iiname yenyewe upande wa dirisha, akapenyeza vidole kati ya kichwa na paa lisilokuwepo, kama alivyofanya kila gari liliporuka likivuka reli. Vidole viwili vilipita, cha tatu kikakataa. Kwa kipimo hicho, paa la kijigari lilipaswa kushuka unene wa ukucha.

Akachukua kisu. Alikata nguzo za upande wa abiria, rangi ikabanduka vipande vipande, kazi yote ile, akaukandamiza upande chini na kuugundisha. Hakusugua wala hakupaka kitu. Gundi ilipokauka alimrudishia, akakaa karibu naye.

Viganja vya Tello vilipanda kioo, vikalishika paa. Kile cha upande wa abiria kikateleza chini kidogo kuliko mwenzake, kikasimama. 

"Ndilo," akasema. "Naliona lote. Na wewe umo."

"Nimo vipi?"

"Umeinamisha kichwa."

Hortensia akalia, bila kujificha, kwa kuwa mbele ya kipofu mtu hana sababu ya kuficha machozi. Tello aliyasikia. Mkono mmoja haukuachia paa; kwa mwingine akamtafuta mkewe, akaufikisha juu ya kichwa chake, kwenye zile nywele nyepesi zilizobaki.

"Hortensia," akaanza, "naomba..."

"Kesho," akamwambia. "Utaniomba kesho. Leo nimechoka."