Macho ya Emerance Yatoka Ofisini

Ofisi ya kunakili majina ilikuwa ghorofani, mtaa wa Majengo, na vioo vya madirisha vilipakwa rangi nyeupe ili wafanyakazi wasipoteze muda kutazama nje. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini wao hawakuwahi kufanya kazi pale. Kwa miaka miwili Emerance alikuwa akiingiza kwenye kompyuta majina ya waliokimbia vita, wanaosubiri unga wa msaada. Amri ilikuwa moja: jina likijirudia, lifutwe.

Macho yalimchoma kana kwamba yametiwa pilipili. Mistari miwili iliungana, mmoja ukawa miwili.

"Shefu, munganga wa macho anasema kila dakika makumi mbili niangalie mbali," alimwambia Barthélemy, mkubwa wa ofisi. "Tukwangue kidogo rangi ku dirisha."

"Kule mbali kuko nini, mama? Kazi iko hapa."

Jumanne saa nne asubuhi macho yake yalitoka yenyewe. Yalipita chini ya mlango, yakashuka ngazi, yakashika barabara ya Sake. Vanessa wa meza ya pili alianza kumsomea majina kwa sauti, na Emerance akaendelea kuandika.

Macho yalisimama kwenye kambi ya Lac Vert, penye foleni ya unga. Ndipo Emerance, palepale kitini, alipomwona mama yake mdogo Donatille, aliyemlea, ambaye Emerance alidhani bado yuko kijijini Masisi. Mgawaji alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili.

"Jina yako haiko, mama."

Emerance aliacha kuandika, akakumbuka. Wiki iliyopita aliona Donatille wawili wakifuatana kwenye orodha, macho yakimtiririka, naye akafuta mmoja bila kusoma jina la ukoo. Donatille alikunja mfuko wake, akaanza kurudi Masisi kwenye mihogo yake na kwenye vita. Emerance alimwita kwa nguvu zote, lakini mdomo ulikuwa Majengo.

"Shefu, nilifuta mutu! Ni mama yangu mudogo! Tumurudishe jina ku liste!"

Barthélemy aliutazama kwa upole uso usio na macho. "Liste ilishafungwa. Tutamutia mu mwezi yenye kuya." Kisha akaandika daftarini kwamba kazi hii haihitaji macho.

Macho yalimfuata Donatille siku tatu. Emerance alimwona akivuka Sake, akipanda kilima, akipigwa risasi kando ya shamba lake, asiinuke tena. Ijumaa yalirudi peke yake, yana matope. Daktari aliyapima akaridhika: wekundu umekwisha, kutazama mbali kumeyafaa.

Mwezi uliofuata Barthélemy alitimiza ahadi. Emerance mwenyewe aliliandika jina la Donatille, na aliliona vizuri sana.