Rais Aliyezaliwa Harlan Fork

Verlene Stuckey alikuwa mwalimu wa darasa la tano mjini Harlan Fork, Ohio, lakini ukimwuliza mwenyewe, hiyo ilikuwa kazi ya pembeni. Kazi yake hasa ilikuwa mtandaoni. Huko alikuwa na duka la masomo yaliyokwisha kutafunwa: mwalimu aliyechoka, awe Texas au Maine, analipia, anapakua, anachapa, anagawa, na asubuhi inapita bila yeye kufungua kitabu. Verlene aliuza masomo ya volkano, ya nyuki na ya sehemu na desimali, lakini kilichompa jina ni furushi lake la "Marais Wetu Wapendwa". Kila rais alikuwa na ukurasa wake, na picha ya kupaka rangi, na mambo matatu ya kufurahisha, na chemsha bongo. Pambizoni palijaa nyota na tai wadogo wanaotabasamu.

Historia yenyewe haikumnyima usingizi. Mwanzoni aliandika wazi kwamba baadhi ya wale marais wa kwanza walimiliki watumwa. Mama mmoja wa mbali akalalamika kwenye maoni kwamba mtoto wake amerudi nyumbani na huzuni, kisha akampa alama ya nyota moja kati ya tano. Verlene alifuta neno "watumwa" akaweka "wasaidizi wa shambani". Nyota zikarudi tano tano kama zamani, naye akalala vizuri.

Sasa huyo Ambrose T. Whitlow alitokea Jumamosi moja, Verlene alipokuwa anajaribu herufi mpya za mapambo. Alitaka kuona ukurasa utakavyokaa, kwa hiyo akaujaza maneno yoyote yaliyomjia. Jina alilitoa kichwani. Zamu ya kutawala akampa kati ya Fillmore na Pierce, marais wa karne ya kumi na tisa, sehemu ambayo hata watu wazima huipita haraka bila kugeuza shingo. Mahali pa kuzaliwa akaandika Harlan Fork, kwa kuwa ndipo alipokuwa amekaa. Mnyama wa nyumbani: bata bukini aitwaye Jenerali. Jambo kubwa alilofanya: aliliunganisha taifa. Alikusudia kuufuta ukurasa ule. Badala yake alibonyeza, akatuma toleo jipya lote, akafunga kompyuta na kukimbilia kanisani, ambako walikuwa wanamsubiri na bakuli lake la viazi vya jibini.

Miezi ikapita. Furushi likapakuliwa majimbo yote. Hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa Februari, kama ilivyo desturi, darasa lilianza kujiandaa kwa makumbusho ya sanamu hai. Kila mtoto hupewa rais, huvaa kama yeye, husimama kimya kwenye ukumbi wa michezo, na mzazi akibonyeza kitufe cha karatasi kilichobandikwa begani, sanamu hufumbua macho na kujieleza. Verlene alichapa kurasa, akazitia kwenye kofia, watoto wakachagua. Janelle Tolliver alichelewa kwa sababu ya mafua, akakuta ukurasa umebaki mmoja.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Yupi, mpenzi?"

"Ambrose T. Whitlow."

Verlene alilitambua jina lile, akafungua kinywa aseme ukweli. Lakini siku hiyo mwalimu mkuu, Bwana Corliss, alikuwa ameketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi, amekuja kumpima kazi. Alisikia jina lile akainua kichwa.

"Ah, Whitlow!" alisema kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mjomba wake. "Wanamsahau sana, maskini. Hongera, Bi. Stuckey, kwa kumkumbuka."

Baada ya hapo Verlene angesema nini? Kwamba mwalimu mkuu ni mwongo, na yeye mwenyewe ni mwongo zaidi? Alimwambia Janelle, "Ni rais mzuri sana huyo," na somo likaendelea.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Kulikuwa na akina Lincoln wenye kofia za kadibodi na akina Washington wenye nywele za pamba. Wote walisema yale mambo matatu ya kufurahisha kisha wakanyamaza. Janelle hakuwa mtoto wa namna hiyo. Ukurasa wake ulikuwa na habari kidogo mno, kwa hiyo aliyobaki aliyajaza mwenyewe. Alikuja na ndevu, fimbo na bata wa kitambaa kwapani.

Aliyembonyeza begani alikuwa Duane Hostetler, muuza matrekta na mwenyekiti wa bodi ya shule.

"Mimi ni Ambrose T. Whitlow," Janelle alinguruma. "Nilizaliwa hapa hapa Harlan Fork. Huyu ni Jenerali, anauma, usimguse. Nililiunganisha taifa. Nilipoondoka likaachana tena, na hilo msinilaumu mimi."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Duane hakucheka.

"Hebu rudia, mama. Umezaliwa wapi?"

"Harlan Fork."

Ili mwelewe kilichomkuta Duane, lazima mjue habari za Bexton, mji jirani. Bexton wana nyumba ambayo rais mmoja alilala usiku mmoja tu, tena akiwa na homa ya tumbo. Nyumba ile wameigeuza makumbusho, wanauza vikombe na fulana, na basi la watalii husimama pale kila Jumapili. Harlan Fork wana tangi la maji.

"Bexton watakoma!" Duane alipaza sauti ukumbi mzima. "Wao wana kitanda cha mgonjwa. Sisi tuna rais mzima!" Kabla juisi haijaisha mezani, alikuwa anasimulia kwamba babu yake marehemu alikuwa akimtaja Whitlow mara kwa mara, na kwamba ile familia ilikuwa na shamba kule kwenye kona ya kituo cha mafuta. Mwandishi wa gazeti la mji alikuwa anaandika yote. Verlene alisimama kando ya meza ya keki, ameshika sahani tupu, anatabasamu kama wale tai wake.

Asubuhi ya pili mama yake Janelle alikuja darasani kabla ya watoto. Daktari Rosalind Tolliver ndiye aliyekuwa anang'oa meno ya nusu ya mji, na watu walizoea kumwona akiwa juu yao. Safari hii aliketi kwenye kiti kidogo cha mtoto.

"Verlene, nilitaka kumnunulia Janelle kitabu cha huyu Whitlow, zawadi. Maktaba hawana. Nikaingia mtandaoni. Kuna shule Nebraska wamempigia kura wakamchagua rais mwenye huruma kuliko wote. Kuna mwalimu Arizona ametunga wimbo wa yule bata. Lakini kila nikifuata walikochota, naishia kwako. Kabla yako hayupo mahali popote."

"Nilikuwa najaribu herufi," Verlene alisema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Herufi, Rosalind. Herufi za mapambo. Nikasahau kufuta."

Daktari Tolliver alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamkatika.

"Mwanangu ametoka gazetini leo, ukurasa wa mbele, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwepo. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitawaambia wote. Bodi wanakutana Jumatatu."

Na kweli aliwaambia. Jumatatu alisimama mbele ya bodi, akaeleza kila kitu: ile Jumamosi, herufi, viazi vya jibini. Alipomaliza, Duane alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Umechoka, Verlene. Kazi ya ualimu inachosha."

"Sijachoka, Duane. Nakwambia nilimtunga."

"Ulimtunga vipi, na yuko kwenye shule za majimbo yote?"

"Yuko kwa sababu mimi nilimweka!"

"Hayo unasema wewe." Duane aliwageukia watu waliojaa nyuma. "Ndugu zangu, mnaona mambo yalivyo siku hizi? Mji mdogo ukipata cha kujivunia, lazima atokee mtu aseme ni uongo. Wanataka kutufutia historia yetu!"

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliyevaa kofia yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi alisimama akasema hatakubali Whitlow adharauliwe, hasa baada ya yote aliyolifanyia taifa. Bwana Corliss aliombwa maoni kama msomi. Alikohoa, akasema suala hili lina pande mbili.

Hapo ndipo Daktari Tolliver aliponyanyua mkono.

"Nina swali moja tu. Leo nimelisoma hilo furushi lote. Mtu ambaye hakuwepo mmempa familia, shamba na bata. Lakini watu waliokuwepo kweli, walionunuliwa na kuuzwa na marais hawa hawa mnaowapaka rangi, wameandikwa 'wasaidizi wa shambani'. Wazee wangu walikuwa wasaidizi? Walikuwa wanasaidia nini, na siku ya mapumziko ilikuwa lini?"

Viti vikalia. Duane alitazama karatasi zake.

"Hilo halimo kwenye ajenda, Daktari," alisema hatimaye. "Na hapa hatupendi mambo ya kuwagawa watu. Tupige kura."

Walipiga kura juu ya kumtambua Whitlow kuwa mwana wa mji. Whitlow alishinda bila shida, kwa wingi ambao marais wengi wa kweli wangeutamani. Bango la kukaribisha wageni likaagizwa siku hiyo hiyo. Verlene alipongezwa kwa utumishi wake wa muda mrefu, kisha akahamishiwa kufundisha hesabu.

Verlene hakupanda gari la Corliss kurudi nyumbani kama alivyozoea. Nje, kwenye maegesho, Daktari Tolliver alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Verlene alimsogelea, akaanza kuomba msamaha.

"Usiniombe msamaha hapa," Daktari alisema. "Baridi kali. Kaandike."

Akaenda akaandika. Aliuondoa ukurasa wa Whitlow, na kila palipokuwa na "wasaidizi" akarudisha "watumwa", na pale alipoyapata majina ya watu wale akayaweka majina. Kazi hiyo ilimlazimu kusoma vitabu, kwa mara ya kwanza tangu alipofungua duka. Malalamiko yalikuja kama mvua ya mawe. Nusu walilia juu ya watumwa. Nusu nyingine walitaka kujua bata amepelekwa wapi. Nyota zikashuka hadi mbili, furushi likakosa wanunuzi. Verlene alikuwa anasoma maoni yale akinywa kahawa, anakunja uso, lakini hakubadilisha neno.

Bango lilizinduliwa mwezi wa Aprili, kando ya barabara kuu, lipate kuonwa na kila anayekwenda Bexton. Duane alimpigia simu Daktari Tolliver mwenyewe, akabembeleza: tafadhali, Janelle aje na zile ndevu zake, watu wanamsubiri. Daktari alimgeukia binti yake, ambaye sasa aliyajua yote, akamwuliza anataka Duane ajibiwe nini. Janelle akasema anakwenda.

Bendi ya shule ilipiga. Kitambaa kilivutwa. "HARLAN FORK, ALIKOZALIWA RAIS WHITLOW." Janelle alipanda jukwaani na fimbo yake, akapewa kipaza sauti.

"Mimi ni Ambrose T. Whitlow," alisema kwa ile sauti nzito. "Sijawahi kuwepo. Mwalimu wangu alinitunga akijaribu herufi, na ninyi mliambiwa, mkakataa kusikia. Ahsanteni kwa bango."

Umati ukalipuka kwa makofi. Watu walipiga miluzi, akina mama wakafuta machozi ya kicheko, na mzee wa kofia ya mbegu akamwinamia jirani yake akamwambia mtoto huyu atafika mbali, ana kipaji cha uigizaji. Duane ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kisha akatangaza kwamba pai iko tayari chini ya hema, na watu wakaenda kupanga foleni.